Ndugu wa Tumbo Moja

Kwa miaka thelathini na mmoja Igoki alishona nguo katika soko la Siakago. Sare za shule karibu zote za upande ule zilipita mikononi mwake. Alisifika kwa mifuko isiyochanika, na alisifika pia kwa kutomsahau aliyemkosea. Wateja walimpenda kwa ile sifa ya kwanza, na kwa ile ya pili wakachunga ndimi zao.

Jicho la kulia ndilo lililoanza. Alikuwa na miaka sitini na mmoja wakati uzi ulipoanza kumpotea, akawa anaupeleka mahali ambapo tundu la sindano halipo. Akaenda kwenye kliniki ya mtu binafsi pale pale mjini. Kijana aliyevaa koti jeupe akammulika kwa tochi ya simu, kwanza jicho hili, kisha lile.

"Ni mtoto wa jicho, mama. Lakini bado hajakomaa. Akikomaa ndio unafanyiwa upasuaji."

"Na kichwa? Kinanigonga upande huu. Halafu nikitazama taa naiona imezungukwa na rangi, kama upinde wa mvua."

"Yote ni hiyo hiyo. Wewe subiri tu."

Igoki akasubiri miaka mitatu. Katika miaka hiyo alianza kugonga bega kwenye milango aliyoipita maisha yake yote. Mbuzi wa jirani walimtokea ubavuni kama waliochipuka ardhini. Siku moja alimkanyaga mteja aliyekuwa amekaa kando yake kwa nusu saa nzima. Alipomwambia mdogo wake Wamuyu kwamba siku hizi haoni pembeni, Wamuyu alicheka.

"Mama Purity, tunazeeka. Ulitaka uone mpaka kisogoni?"

Watoto wa mama yao walikuwa wanne. Wavulana wawili walikufa wadogo, mmoja kwa surua, mwingine kwa homa ambayo hakuna aliyejua jina lake. Wakabaki hawa wasichana wawili, wakipishana kwa miaka saba. Mama alipougua, Igoki alitolewa darasa la sita akae nyumbani, apike, amlee Wamuyu. Wamuyu alisoma mpaka kidato cha nne, akaolewa na Njiru, mwenye shamba la muguka, majani ya kutafuna kama miraa, na pikapu, akawa kiongozi wa kwaya ya akina mama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyezoea kutengewa chakula, na mtu wa namna hiyo hajiulizi ni nani aliyeamka kukipika.

Wamuyu naye alipofikisha hamsini na saba, macho yakaingia ukungu. Mwaka huo huo likatolewa tangazo kanisani: hospitali moja ya misheni upande wa Embu ingewapasua wenye mtoto wa jicho bila malipo, kwa wiki moja. Njiru akawapeleka wote wawili kwa pikapu.

Watu walikuwa wengi mno. Walipangwa kwenye mabenchi chini ya turubai, kila mmoja amebandikwa plasta juu ya jicho litakalopasuliwa. Kulikuwa na kifaa cha kupima presha ya macho, lakini kilikuwa kimoja, na kabla ya saa nne muuguzi alikuwa amekata tamaa ya kuwapitisha wote.

"Wenye mtoto wa jicho aliyekomaa, pitieni huku moja kwa moja!" akaita.

Igoki akamshika mkono. "Sista, mimi si ukungu tu. Pembeni sioni kabisa. Na hili la kulia sasa halitofautishi mchana na usiku."

"Utaona, cucu," muuguzi akamjibu, akimwita nyanya. "Kesho utaona mpaka usichotaka kuona."

Watu wakacheka, Igoki akacheka pamoja nao. Alipasuliwa jicho la kushoto, lile lililokuwa na nafuu. Baada ya watu watatu, akaingia Wamuyu.

Asubuhi iliyofuata walikalishwa kwenye veranda kufunguliwa bendeji. Wamuyu alikuwa mbele yake. Bendeji ilipotoka, akaanza kusoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa ukutani, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza: "Nawa... mikono... kwa sabuni." Akapiga vigelegele. Akasimama akacheza pale pale na gauni la hospitali, na akina mama wengine wakamshangilia.

Zamu ya Igoki ikafika.

"Hivi ni vidole vingapi, mama?"

"Viko wapi?"

Muuguzi akarudia swali. Igoki akageuza kichwa huku na huku akivitafuta. Katikati ya giza palikuwa na kitundu cha ukubwa wa kifungo cha shati, na ndani yake kidevu cha muuguzi, safi kabisa, hadi kijasho kilichokuwa juu yake. Nje ya kitundu hicho hapakuwa na kitu. Muuguzi hakuuliza tena. Aliandika kitu, akapita kwa mtu mwingine.

Wamuyu akaja, akachuchumaa mbele yake. "Fungua macho vizuri, Mama Purity."

"Yako wazi."

"Sasa ni nini? Si ni daktari mmoja, siku moja?" Akangoja, kisha akashusha sauti. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Mimi niliomba usiku kucha. Wewe uliomba? Mungu huangalia moyo, dada. Kuna vitu umeviweka moyoni miaka mingi. Pengine angekupa, lakini ataweka wapi?"

Igoki akaitwa ndani kwa daktari.

Daktari alikuwa mwanamke kutoka upande wa Meru, akiitwa Kinya, mwenye sauti ya mtu aliyekesha. Alimpima macho yote mawili kwa muda mrefu, akamtia dawa, akampima tena. Halafu akavuta kiti karibu.

"Mama, upasuaji umeenda vizuri. Ukungu umetoka, lenzi mpya imekaa mahali pake. Lakini nyuma ya jicho kuna mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo umekufa. Wa kulia wote, wa kushoto umebaki kidogo. Ulikuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Mtoto wa jicho, na nyuma yake presha ya macho, inaitwa glakoma. Huyu wa mbele alimficha wa nyuma."

"Niliambiwa nisubiri akomae."

"Nani alikuambia?"

Igoki akamtaja kijana wa koti jeupe. Daktari akapumua kwa nguvu. "Hakuna haja ya kusubiri akomae. Na hata sisi jana tulipaswa kupima presha kabla ya kukugusa. Hatukupima. Samahani."

"Miaka ile mitatu," Igoki alisema, "ningekuja hapa moja kwa moja, ningeona?"

Daktari angeweza kumdanganya, lakini hakufanya hivyo. "Ungebaki na mengi. Kilichokufa hakirudi, mama. Hiki kidogo kilichobaki tutakishikilia kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yako yote." Akachukua kalamu. "Kuna jambo moja muhimu. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Una watoto?"

"Mmoja. Msichana. Yuko Meru."

"Apimwe, hata kama anaona vizuri. Mara nyingi hauumi, wala hauonyeshi dalili mpaka umeshaharibu. Na ndugu zako wa tumbo moja? Hao ndio wako kwenye hatari zaidi kuliko wote."

Nje ya mlango, kwenye veranda, Wamuyu alikuwa bado anasoma. Sasa alisoma nambari za magari yaliyoegeshwa, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja alicheka.

"Una ndugu, mama?"

"Walikufa," Igoki akasema.

Daktari akaandika.

Baadaye, katika miezi aliyokaa nyumbani bila kazi, Igoki alijaribu kujitetea mbele ya nafsi yake. Alijiambia kwamba hakusema uongo mtupu, kwamba wale wavulana wawili walikufa kweli. Alijiambia atamwambia Wamuyu wiki ijayo, uchungu ukipungua. Lakini wiki ile ile ya kutoka hospitali alimpigia simu binti yake Purity, aliyefanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano, Meru, akamwamuru aende akapimwe macho kabla ya Ijumaa. Purity alienda. Presha yake ilikuwa sawa, akaambiwa awe anarudi kila mwaka. Hakuuliza habari za mama yake mdogo, kwa sababu hakufikiri kuna haja ya kuuliza.

Jumapili ya tatu, Wamuyu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Igoki alikuwa amekaa benchi la nyuma, cherehani ameshaiuza.

"Tulienda wawili," Wamuyu alisema, na kanisa lote likajua wawili ni akina nani. "Daktari alikuwa mmoja. Dawa ilikuwa moja. Mimi nikarudi naona. Wapendwa, tusiende mbele za Bwana na mizigo!"

Watu wakasema amina. Mwanamke aliyekaa kando ya Igoki akampigapiga gotini kwa huruma. Tangu siku ile, wiki ijayo ya Igoki haikufika.

Miaka miwili ikapita, ikaingia na nusu. Wamuyu hakurudi hospitali hata mara moja, kwani arudi kufanya nini na anaona? Kila Alhamisi alimletea dada yake ndengu, mboga, na habari za soko. Alimfagilia nyumba. Alimwambia, bila kuulizwa, kwamba anamwombea. Kile kitundu cha Igoki kilikuwa kimepungua kikawa kama ncha ya kalamu, na kazi ya macho ikahamia masikioni.

Ni masikio hayo yaliyomwambia. Alhamisi moja, viazi vya msimu wa mvua vikiwa ndio vimechimbwa, alimsikia Wamuyu akigonga mguu kwenye kigoda kilichokuwa kando ya mlango tangu mwaka jana.

"Nani ameweka hiki hapa?"

"Kiko hapo siku zote."

Alhamisi iliyofuata, Wamuyu alimwaga uji kando ya kikombe. Iliyofuata tena, alilalamika kichwa. Akasema lenzi yake labda imechafuka, maana usiku balbu ya jikoni inavaa duara za rangi.

Igoki alikuwa anachambua maharagwe. Mikono ikasimama. Alijua. Angeweza kutamka neno moja pale pale. Badala yake akauliza, "Rangi gani?" na Wamuyu akamwambia, na Igoki akaendelea kuchambua. Alinyamaza wiki sita. Ndani ya wiki hizo sita haikuwa tena hasira. Hasira alikuwa ameshaizoea, ilikuwa kama jirani. Kilichomfunga mdomo sasa ni hofu, kwa sababu kumwambia Wamuyu nenda ukapimwe ilikuwa ni kuulizwa, umejuaje?

Siku Wamuyu alipogongwa na bodaboda iliyotokea ubavuni na kumwangusha, bila kumvunja kitu, Igoki alimpigia Purity.

"Mama mdogo wako apelekwe Embu. Ana ugonjwa wangu."

"Si alikuwa anapimwa?"

"Njoo tu."

Wakaenda wanne: Njiru kwenye usukani, Wamuyu kando yake, Purity na mama yake nyuma. Daktari Kinya alikuwa bado yupo. Alimpima Wamuyu kwa muda mrefu kama alivyompima dada yake, kisha akawaita wote ndani, akaeleza. Jicho la kulia la Wamuyu lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebaki nusu. Presha ilikuwa juu sana, na ilikuwepo kwa miaka.

"Lakini si mlinipasua?" Wamuyu aliuliza. "Si niliona?"

"Uliona kwa sababu mshipa ulikuwa bado hai. Presha ilikuwa ndiyo imeanza. Ningekupata wakati ule, matone mawili kwa siku, leo ungekuwa unasoma gazeti." Daktari akageukia kompyuta. "Kuna mtu kwenu mwenye ugonjwa huu?"

"Si huyu hapa, dada yangu? Igoki. Yuko kwenye kliniki yenu."

Vidole vya daktari vikagonga vitufe, kisha vikatulia.

"Mama Igoki ninamjua. Lakini hapa..." Akasoma tena. "Hapa imeandikwa ndugu wote ni marehemu. Samahani. Kambi ile ilikuwa na watu wengi, pengine sisi ndio tuliandika vibaya."

Ilikuwa njia ya kutokea, na daktari mwenyewe ndiye aliyeifungua. Igoki aliisikia. Alichohitaji ni kukaa kimya tu.

Wamuyu akageuza kichwa chote, kama anavyogeuza asiyeona pembeni. "Purity. Wewe ulipimwa lini?"

"Mwaka ule ule. Mama alinipigia simu wiki mliyotoka hospitali. Nilifikiri..." Purity akakatiza.

Nje mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu.

"Daktari aliandika nilivyosema," Igoki akasema.

"Nilikuwa hapo nje ya mlango," Wamuyu alisema. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Ulikuwa unasoma nambari za magari."

"Na ukasema nimekufa."

"Nikasema."

Njiru, mtu asiyekuwa na maneno mengi, alisimama akatoka. Daktari alijaribu. Alisema hata hospitali ilikosea, kwamba wote wawili wangepimwa siku ile ya kwanza wasingekuwa hapa, kwamba kijana wa tochi naye ana lake la kujibu. Yote yalikuwa kweli, na hayakumfikia mtu yeyote chumbani mle.

Waliporudi, Njiru alimshusha Igoki kwenye lango lake bila kuzima injini. Purity alishuka naye. Alimtengea chai, akamtia dawa, kisha akakaa.

"Mama, ungeniambia tu. Ningemwambia mimi."

"Najua."

"Sasa?"

"Ndio maana sikukuambia."

Purity alirudi Makutano kesho yake. Tangu hapo hupiga simu kila Jumapili, anauliza kama dawa imeisha, anauliza kama mama amekula. Haulizi kingine.

Alhamisi zikawa siku kama nyingine. Wamuyu hakumwambia mtu kanisani. Igoki alingoja habari zizagae, alikuwa hata amejiandaa kwa masengenyo, lakini hazikuzagaa, na heshima ile aliyoachiwa ilimlemea kuliko matusi. Mwezi wa tatu tangu safari ile ya Embu alichukua fimbo, akaomba jirani amfikishe kwa Njiru.

Wamuyu alimpokea. Alimpa kiti, akamwita mkazamwana alete chai. Wakanywa.

"Nimekuja kuomba msamaha," Igoki akasema.

"Nimesikia."

"Ulinichoma, Wamuyu. Pale hospitali, na kanisani. Lakini sikukuja kusema hilo."

"Umelisema."

Igoki akamalizia chai yake.

"Mimi nami nimefikiria," Wamuyu alisema. "Nilisimama mbele ya watu nikasema una mzigo moyoni. Sikuwa na haki. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha huropoka." Akaweka kikombe chini, akipapasa kwanza ukingo wa meza. "Ningekuja kukuomba msamaha kwa hilo. Kweli ningekuja. Lakini wewe ulinijibu kwa macho yangu, na sasa sioni nitakuomba msamaha kwa nini."

"Chai yako nimeinywa," Igoki akasema. "Nikafikiri..."

"Chai siwezi kukunyima. Ulinilea. Hiyo nyingine usiniombe, sina."

Ikafika saa ya dawa. Wamuyu akatoa kichupa mfukoni, akainua uso. Tone la kwanza lilianguka shavuni. La pili likaingia puani, akapiga chafya.

"Lala chali," Igoki akasema. "Vuta kope la chini kwa kidole, litengeneze mfuko. Halafu usilenge jicho, lenga huo mfuko. Ngoja nikutie."

Akanyoosha mkono, akagusa bega la mdogo wake.

"Usinishike."

Igoki akarudisha mkono mapajani. Tone la tatu likapotea, na la nne. Alikaa pale akisikiliza, hadi Njiru alipotoka shambani, akanawa mikono, akamtia mkewe dawa.